Timu za Msimu Mmoja: Soka, Reli na Miwa katika Ukanda wa Kilosa na Mikumi

Orodha ya mabingwa wa soka wa Tanzania Bara, ambayo mwaka 1965 ilifunguliwa na Sunderland, klabu iliyobadili jina na kuitwa Simba mwaka 1971, haina hata klabu moja kutoka wilaya ya Kilosa. Jambo hilo linastahili kutafutiwa sababu, kwa kuwa wilaya hiyo, pamoja na mji mdogo wa Mikumi ulio kusini mwake, imepitiwa na karibu kila kitu ambacho kwingineko nchini kilizaa timu kubwa: Reli ya Kati, mashamba ya mkonge, kiwanda cha sukari, barabara kuu ya kwenda Zambia na hifadhi ya taifa. Kilichokosekana si wachezaji wala wapenzi wa mpira, bali timu inayodumu. Timu ya msimu mmoja, kwa maana inayotumika hapa, ni ile inayosajiliwa, ikacheza ligi yake hadi mchezo wa mwisho au karibu na mwisho, lakini mwaka unaofuata hairudi tena kwa jina lile lile, mahali pale pale na chini ya watu wale wale.

Maelezo ya kawaida kuhusu timu za aina hiyo ni kwamba zilikuwa dhaifu, zikashindwa, zikafa. Historia ya mkoa wa Morogoro haiungi mkono maelezo hayo, kwa sababu zimo ndani yake timu zilizotoweka zikiwa na wachezaji bora kuliko wengi waliobaki. Hoja ya sura hii ni kwamba uhai wa timu ya daraja la chini haukufuata miguu ya wachezaji wake bali ulifuata mfuko uliowalisha, na kwamba katika ukanda wa Kilosa na Mikumi mfuko huo ulikuwa siku zote wa shughuli nyingine, yaani treni, katani au sukari, ambayo ilikuwa na msimu wake yenyewe usiolingana na msimu wa ligi.

Reli na kambi za mkonge

Kilosa ilikuwa mahali pa kupita watu muda mrefu kabla ya kuwa mahali pa mpira. Misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Usagara ikifuata bonde la mto Mkondoa, na ni katika Usagara hiyo, huko Msowero, ambako mwezi Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipata alama ya Chifu Mangungo kwenye karatasi ambayo baadaye ilidaiwa kuwa mkataba wa kuitoa nchi. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, njia hiyo ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baada ya kuvuka tambarare ya Mkata ilipita Kimamba na Kilosa kabla ya kuingia kwenye milima kwa kufuata bonde lile lile la Mkondoa. Kilosa ikawa stesheni ya maana: mahali pa wafanyakazi wa njia, mafundi, makarani na wachukuzi, ambao walilipwa kwa mwezi, waliishi katika nyumba za shirika na walikuwa na jioni na Jumapili za mapumziko.

Kando ya reli lilikuja zao la mkonge, ambalo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na ambalo miche yake michache iliyonusurika safari ilipandwa karibu na Pangani. Kutoka Tanga na Pangani zao hilo lilienea hadi Kimamba, Rudewa na maeneo mengine ya Kilosa. Kwa kuwa wenyeji hawakuwa tayari kuacha mashamba yao kwa ujira mdogo, wenye mashamba walitafuta vibarua mbali, kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Rwanda na Burundi, na mwaka 1944 waliunda chombo cha pamoja cha kuwaandikisha kilichojulikana kwa ufupi kama Silabu. Vibarua hao waliitwa manamba, jina lililotokana na namba ambayo kila mmoja alipewa, na kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambayo ikikamilika ndipo mtu alipolipwa.

Kambi ya manamba ilikuwa na kila kitu ambacho timu ya mpira inahitaji isipokuwa muda mrefu. Vijana wenye nguvu walikuwepo kwa mamia mahali pamoja. Kiwanja tambarare kilipatikana kwa urahisi katika shamba lililosafishwa. Na uongozi wa shamba ulikuwa na sababu ya kupenda mchezo uliowaweka watu kambini siku ya mapumziko. Lakini mkataba wa namba ulikuwa na mwisho, na ulipokwisha, beki wa kulia alirudi Songea na mshambuliaji akapanda treni kwenda Kigoma. Timu ya namna hiyo haikufa kwa kufungwa mabao: ilikwisha kama mkataba unavyokwisha, na nyingine ikaundwa na watu wapya kwenye kiwanja kile kile. Chama cha soka cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1930, lakini kumbukumbu zake za mwanzo ni za mjini, na timu za kambini hazikuwa na daftari ambalo lingeingia katika historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mkonge ulionekana kuwa mfuko usiokauka. Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulifika takriban tani 230,000, nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote duniani. Baada ya hapo bei ilianguka, kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zikachukua nafasi ya katani katika masoko, na kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 hakukuweza kuzuia mporomoko huo. Mashamba ya Kilosa yalipopunguza watu au kuachwa yakamea vichaka, viwanja vya mpira vya kambini vilibaki bila timu, ingawa vijana waliozaliwa kambini walikuwa bado wapo.

Miwa, hifadhi na Azimio

Kusini mwa wilaya mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Mikumi, mji uliopata jina lake kutokana na mikumi, miti jamii ya mvumo inayosimama peke yake katika mbuga, ulikuwa kijiji kidogo hadi ulipoguswa kwa mfululizo na mambo matatu ndani ya miaka michache. La kwanza ni tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, ambalo lilikamilika katika miaka ya 1960. La pili ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964. La tatu ni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, ambayo inaikata hifadhi hiyo kwa umbali wa kilomita 50 hivi na kuufanya mji wa Mikumi kuwa kituo cha malori, mabasi na wasafiri wanaotafuta chakula na malazi.

Nyuma ya tawi hilo la reli kulikuwa na sukari. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye kiwanda cha Msolwa, kusini mwa mto Ruaha Mkuu, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha pili kilijengwa Ruembe, upande wa kaskazini wa mto huo, ndani ya wilaya ya Kilosa. Hivyo mto ukawa mpaka wa wilaya mbili, lakini si mpaka wa kazi wala wa mpira, kwa kuwa wafanyakazi, wakulima wa nje wanaouza miwa kiwandani na wakata miwa wa muda walivuka kila siku.

Neno msimu lina maana mbili katika eneo hilo, na tofauti ya maana hizo inaeleza mengi kuhusu timu zake. Msimu wa miwa ni kipindi cha ukataji na usagaji, ambacho husimama mvua za masika zinapokolea, kwa sababu trekta haziwezi kuingia shambani na kiwanda hufungwa kwa matengenezo. Msimu wa ligi hupangwa kwa kalenda nyingine, na mara nyingi huvuka kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Timu iliyokusanya wachezaji wake miongoni mwa wakata miwa inaweza kuwa na kikosi kamili miezi ya ukataji na kubaki na watu saba au wanane kiwanda kinapofungwa, kwa kuwa waliobaki wamekwenda kulima mpunga wao au wamerudi makwao. Fundi wa kudumu wa mitambo na karani wa mishahara hubaki, lakini timu haijengwi na watu wawili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadilisha mwenye mfuko kuliko lilivyobadilisha mfuko wenyewe. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, na katika miaka iliyofuata mashirika ya umma, majeshi na taasisi zilitarajiwa kuwa na timu, kumlipa mchezaji mshahara kama mfanyakazi na kumpa ruhusa ya kufanya mazoezi. Huo ndio mfumo uliozaa timu za taasisi za Morogoro, zikiwemo Reli, ambayo mashabiki waliipa jina la Kiboko ya Vigogo kwa tabia yake ya kuzifunga timu kubwa za Dar es Salaam, Tumbaku na Polisi. Mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba mchezaji alikuwa na kazi hata alipoumia goti. Ulikuwa pia na madhara kwa wilaya: mchezaji wa Kilosa au Kimamba aliyeng'ara aliajiriwa mjini, kwa kuwa ajira ndiyo ilikuwa usajili, na timu aliyoiacha ikaanza upya bila yeye.

Morogoro, 1975 na 1976

Miaka miwili inatosha kuonyesha jinsi ubora na uhai wa timu vinavyoweza kuachana, na yote miwili ni ya Morogoro. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa, na hivyo ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo tangu mwaka 1965. Kabla yake taji hilo lilizunguka kati ya Sunderland au Simba, Cosmopolitans iliyolichukua mwaka 1967, na Yanga. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba mji wa reli na viwanda ungeweza kuipiku bandari. Hata hivyo Mseto haikurudia ubingwa huo: kuanzia mwaka 1976 hadi 1980 taji lilikaa Simba mfululizo, na jina la Mseto likabaki kwenye mstari mmoja tu wa orodha.

Timu ya pili, ile ya mwaka 1976, haikupata hata mstari huo. Ili kuielewa ni lazima kurudi Dar es Salaam, kwenye Yanga ya katikati ya miaka ya 1970, ambayo ilikuwa na kikosi kilichoogopwa. Mwezi Agosti 1974, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga iliifunga Simba mabao 2–1 katika pambano la kuamua bingwa, lililokwenda hadi muda wa nyongeza na kuamuliwa na bao la Sunday Manara. Januari 1975 timu hizo zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, na Yanga ikashinda 2–0. Mwaka huo huo, katika mashindano ya klabu bingwa Afrika, ilitolewa na Enugu Rangers ya Nigeria bila kufungwa hata mchezo mmoja, kwa sare ya 0–0 ugenini na 1–1 nyumbani, kwa kanuni ya bao la ugenini.

Mgogoro uliofuata uliigawa klabu hiyo pande mbili ambazo majina yake yalitokana na viatu. Yanga Kandambili walikuwa upande wa wazee, wanachama wa siku nyingi waliohesabu klabu kuwa mali yao, na kandambili ni ndara za mpira zinazovaliwa nyumbani na mitaani. Yanga Raizoni walikuwa upande wa vijana, na raizoni ni viatu vya soli nene vilivyokuwa mtindo wa vijana wa mjini wakati huo. Utani huo ulibeba swali zito la umiliki: klabu ni ya mwanachama anayelipa ada na kukaa barazani, au ni ya mchezaji anayeingia uwanjani na kijana anayemfuata? Wazee walibaki na jengo, jina na rangi, na wachezaji waliotoka wakabaki na uwezo wao wa kucheza, bila klabu ya kuuchezea.

Walikwenda Morogoro, na huko ndiko jina la Nyota Afrika linakoingia katika historia hii. Kikosi kilichojengwa na wachezaji waliokuwa wameishinda Simba Mwanza na Zanzibar kikajikuta mjini Morogoro kikiwa na jina ambalo halikuwa na wanachama wa miaka mingi, halikuwa na jengo na halikuwa na shirika la kukilipa mshahara. Kwa kipaji, timu chache nchini zingeweza kulinganishwa nacho. Kwa mfuko, kilikuwa maskini kuliko timu ya kambi ya mkonge, ambayo walau ilikuwa na chakula cha shamba. Makazi ya Morogoro hayakudumu. Watu wale wale walirudi Dar es Salaam na kuwa chimbuko la klabu ya Pan African, na jina la Nyota Afrika likaachwa nyuma.

Kilichotokea baadaye kinathibitisha kwamba ufupi wa maisha ya timu hiyo haukutokana na udhaifu wa wachezaji. Sunday Manara alikwenda Uholanzi mwaka 1977 kuichezea Heracles, akiwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya. Pan African, iliyopata wanachama, wafadhili na makao katika jiji, ilikusanya wachezaji kama Leodegar Tenga, Jella Mtagwa, Juma Pondamali, Mohamed Rishard Adolf na Peter Tino. Bao la Tino dhidi ya Zambia mwaka 1979, katika sare ya 1–1 huko Ndola, liliipeleka Tanzania kwenye fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980, ambako Tenga alikuwa nahodha. Mwaka 1982 Pan African ikawa bingwa wa taifa. Mbegu iliyokosa udongo Morogoro ilimea ilipopandwa penye mfuko.

Ngazi ya madaraja na gharama za msimu

Kwa timu ya Kilosa au Mikumi njia ya kupanda imekuwa ndefu zaidi ya ile ya Nyota Afrika, kwa kuwa inaanzia chini kabisa. Bingwa wa ligi ya wilaya huingia ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa huingia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambayo huchezwa kwa vituo, yaani timu kadhaa hukusanywa katika mji mmoja na kucheza michezo mingi ndani ya siku chache. Washindi wa huko hupanda kwenda daraja lililokuwa likiitwa Ligi Daraja la Pili na sasa First League, kutoka hapo kwenda lililokuwa Ligi Daraja la Kwanza na sasa Championship, na mwisho kufika Ligi Kuu.

Kila ngazi ina gharama zake, na gharama hizo hazitegemei ushindi. Timu hulipa ada ya ushiriki, leseni za wachezaji, mpira, jezi, dawa ya kuchua na posho, ambayo katika ngazi hii si mshahara bali ni nauli na chakula cha mchezaji kwa siku ya mchezo. Kubwa kuliko yote ni usafiri. Kutoka Mikumi hadi Morogoro ni takriban kilomita 120 za lami, ambapo sehemu kubwa ya kipande cha kwanza ni ndani ya hifadhi, mahali ambapo mwendo una kikomo na vibao vya barabarani vimeorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, kuanzia tembo na twiga hadi ngiri. Basi dogo lililobeba timu, likichelewa kuondoka Morogoro baada ya mchezo wa jioni, huingia hifadhini gizani na kulazimika kutambaa, huku mwenye gari akihesabu saa na mafuta. Kutoka Mikumi kwenda Kilosa, makao makuu ya wilaya, barabara kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na wakati wa masika ya utelezi, kiasi kwamba mchezo wa ligi ya wilaya uliweza kugharimu nguvu zaidi ya mchezo wa mkoa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoua timu katikati ya msimu. Timu isiyofika uwanjani hupoteza mchezo, na mpinzani hupewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani, yaani ushindi unaoandikwa kwenye makaratasi bila mpira kupigwa. Ikirudia kosa hilo huweza kuondolewa kwenye ligi. Ndiyo maana timu nyingi za vijijini hupendelea ndondo, mashindano ya mtaani yasiyo ya ligi, ambayo mfadhili wake huweka zawadi ya mbuzi, ng'ombe au seti ya jezi, na ambayo hayahitaji safari. Ndondo hujaza uwanja kuliko ligi, lakini pia huzoesha vijana kuwa mamluki, neno ambalo katika soka lina maana ya mchezaji anayekodiwa kwa mchezo mmoja, mara nyingine kwa jina la mtu mwingine. Mamluki hana timu, na timu iliyojengwa na mamluki haina mwaka wa pili.

Maafa ya asili yaliongeza uzito wa mzigo huo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini Kilosa, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli kuelekea Gulwe, hata safari za treni katika Reli ya Kati zikasimama kwa miezi. Mahali ambapo familia zinalala kwenye mahema, hakuna kiongozi wa klabu anayeweza kupitisha daftari la michango ya safari ya timu.

Sukari iliyobaki na daraja linalouzwa

Miaka ya 1990 ilivunja mfumo wa timu za mashirika. Kampuni ya Sukari Kilombero iliuzwa mwaka 1998, na hisa nyingi zikachukuliwa na Illovo ya Afrika Kusini. Shirika la Reli lilipoteza nguvu, na mwaka 2007 uendeshaji wake ukakabidhiwa kwa mwekezaji kutoka India katika ubia uliovunjika baada ya miaka michache. Mwenye kiwanda mpya hakuwa na wajibu wa kuwalipa washambuliaji.

Katika mkoa huo huo, hata hivyo, kiwanda kimoja cha sukari kilionyesha njia nyingine. Mtibwa Sugar, iliyoanzishwa mwaka 1988 huko Turiani na yenye uwanja wake Manungu katikati ya miwa, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na ikarudia mwaka 2000, kisha ikabaki Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Iliposhuka daraja mwaka 2024 haikufa, bali ilicheza Championship msimu mmoja na kurudi Ligi Kuu mwaka 2025. Msimu mmoja wa daraja la chini, ambao kwa timu ya Mikumi ungekuwa maisha yote, kwa Mtibwa ulikuwa safari ya kwenda na kurudi. Wachezaji wa Turiani hawakuwa wa damu tofauti na wale wa Kilosa, na hata miwa ni ile ile. Tofauti ni kwamba Mtibwa kiwanda kilihesabu timu kuwa sehemu ya kiwanda, na hakikubadili hesabu hiyo uongozi ulipobadilika.

Ulinganisho wa upande wa pili unapatikana ukiendelea na barabara ile ile ya Mikumi kuelekea kusini-magharibi. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza, kisha ikashuka msimu uliofuata. Ihefu, timu ya nchi ya mpunga ya Mbarali, ilipanda Ligi Kuu, na tarehe 29 Novemba 2022 ikaifunga Yanga 2–1 kwenye uwanja wake wa Ubaruku na kukomesha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga haikufungwa. Miaka miwili haikutimia kabla timu hiyo haijahamishiwa Singida na, mwaka 2024, kuitwa Singida Black Stars. Wakulima wa Mbarali waliobeba viti kwenda uwanjani siku ile hawakupoteza mchezo wowote, ila walipoteza timu.

Utaratibu huo wachezaji na viongozi wa ngazi za chini huuita kununua daraja. Mwenye fedha hahitaji kuanzia ligi ya wilaya, bali hununua nafasi ya klabu iliyokwisha kupanda, akabadili jina lake, makao yake na mara nyingi wachezaji wake. African Lyon ilianza hivyo kutoka Mbagala Market. Kwa klabu ndogo yenye madeni, ofa hiyo ni kishawishi kikubwa, na viongozi wachache huweza kuikubali bila mkutano wa wanachama kuelewa kinachouzwa. Wilaya iliyokuwa nchi ya Mangungo inapaswa kulitambua jambo hilo mapema kuliko nyingine, kwa kuwa katika Kiswahili cha leo mkataba wa Mangungo ni msemo wa makubaliano yoyote ambayo mtu huweka sahihi bila kujua anachotoa.

Hukumu ya historia hii

Kuanzia manamba wa Kimamba hadi wakata miwa wa Ruembe, na kuanzia Nyota Afrika hadi Ihefu, mfuatano ni mmoja: timu hukaa mahali kwa muda ambao mfuko wake unakaa. Ukweli huo hauna maana kwamba Kilosa na Mikumi hazina la kufanya. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina stesheni Kilosa na mahandaki katika milima ya wilaya hiyo. Hifadhi ya Mikumi hupokea watalii kila siku. Na kiwanda cha sukari bado kinasaga. Mifuko ipo kama ilivyokuwepo mwaka 1964, na kama wakati huo, hakuna kati yake iliyoandikwa kuwa ya timu. Klabu itakayodumu huko itahitaji mambo matatu yasiyo ya uwanjani: wanachama wanaolipa ada hata timu ikifungwa, katiba inayokataza nafasi ya daraja kuuzwa bila mkutano mkuu, na daftari la michezo na hesabu linalokabidhiwa kutoka katibu mmoja hadi mwingine.

Bila hayo, kumbukumbu itaendelea kuwa ya waliobaki tu. Katika orodha ya mabingwa wa taifa mwaka 1975 imeandikwa Mseto, na mwaka 1982 Pan African. Nyota Afrika, iliyosimama kati ya miaka hiyo na wachezaji ambao nchi nzima iliwajua, haimo.